Jirani amepata, mimi nimekosa: msaada wa serikali humfuata nani?

Msomaji anauliza: "Mimi ni mama wa watoto watatu. Nafanya vibarua vya kulipwa kwa siku, na tumepanga kwenye nyumba yenye mita moja ya umeme kwa kaya nne. Kila nikifungua redio nasikia serikali inawasaidia wananchi kukabiliana na kupanda kwa gharama za maisha. Jirani yangu, ambaye hali yake na yangu hazina tofauti, ameshapokea fedha mara mbili. Mimi sijaona hata senti. Kwa nini wasishushe bei tu, wote tukapata sawa? Na nifanye nini ili nami nifikiwe?"

Dada yangu, pole na mahangaiko. Swali la bei na swali la jirani yako yanaonekana mbalimbali, lakini shina lake ni moja. Fedha ya serikali haina macho. Hufuata kitu kinachohesabika: lita ya mafuta, uniti ya umeme, jina kwenye daftari. Shida yako haihesabiki mpaka mtu aiandike mahali. Ukilishika hilo, mengi yanayokukera yataeleweka, hata kama hayatakufurahisha.

Nianze na bei. Kushusha bei ni wazo la kwanza la kila mtu, mawaziri wakiwemo. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna foleni, wala hakuna mgeni wa kuja kukuhoji una nini chumbani. Unakwenda kununua, unakuta bei imepungua, basi. Taabu ni kwamba ruzuku ya mafuta humfuata anayenunua mafuta mengi. Mwenye magari mawili na jenereta uani hufaidi kila anapojaza tangi. Wewe unafaidi kwa mzunguko, kupitia nauli na gharama ya kusafirisha chakula. Watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa waliwahi kupitia takwimu za nchi 20 zinazoendelea, wakakuta kwamba moja ya tano ya watu wenye kipato cha juu kabisa hupata, kwa wastani, mara sita ya kile kinachoifikia moja ya tano ya walio chini kabisa. Yaani hazina ikifanikiwa kukufikishia wewe na wenzako shilingi moja kwa njia hii, shilingi sita zimeshakwenda kwa wasiohitaji.

Najua utakachosema: lakini nauli yangu inapanda kweli mafuta yakipanda. Ni kweli, na ndiyo maana siungi mkono wachumi wanaotaka ruzuku ifutwe usiku mmoja kisha wananchi waambiwe wavumilie. Sehemu yako ni ndogo ukilinganisha na ya tajiri, lakini kwako hiyo sehemu ndogo ndiyo mlo wa jioni. Ruzuku ikiondolewa, fedha mbadala inatakiwa iwe imeshafika mkononi kabla bei haijapanda. Iran walijaribu hivyo Desemba 2010. Kabla ya kupandisha bei za nishati, serikali iliweka kwenye akaunti za kaya rial 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Fedha ilionekana kwenye akaunti, ila haikuweza kutolewa mpaka siku ambayo bei mpya zilianza. Watu walijua kabisa wanapoteza nini na wanapata nini. Jinsi mpango huo ulivyokuja kupwaya nitaueleza mbele kidogo, maana nao una la kukufundisha.

Kuna serikali zinazoamuru bei kwa sheria. Hapo sitakaa sana. Mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani alizuia bei na mishahara isipande kwa siku 90, na udhibiti wa namna moja au nyingine ukaendelea hadi 1974. Bei iliyozuiwa hupaa ikifunguliwa, na wakati imefungwa bidhaa huanza kuadimika kwa sababu mzalishaji haoni faida ya kuzileta.

Kupunguza kodi ya chakula kuna afadhali. Poland iliishusha kodi ya ongezeko la thamani kwenye vyakula vya msingi kutoka asilimia 5 hadi sifuri Februari 2022. Hispania ikafuata Januari 2023, kutoka asilimia 4 hadi sifuri. Mantiki yake ni ya zamani: mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Kwa hiyo nafuu ya chakula humgusa mnyonge kuliko nafuu ya petroli. Hata hivyo hiyo kodi hupita kwanza mikononi mwa mfanyabiashara. Penye maduka mengi yanayoshindana, bei itashuka. Penye muuzaji mmoja, sehemu ya nafuu itabaki kwenye droo yake.

Ningeulizwa mimi ni mpango gani wa bei ulifikiriwa vizuri, ningetaja ule wa gesi wa Ujerumani wa 2023. Kaya ilihakikishiwa senti 12 za yuro kwa kila kilowati-saa, lakini kwa asilimia 80 tu ya matumizi yaliyokadiriwa kutokana na rekodi zake za nyuma. Asilimia 20 iliyobaki ililipiwa bei ya soko. Mtu alilindwa, na bado alikuwa na sababu ya kuzima hita chumba kikiwa kitupu. Kasoro ni kwamba aliyekuwa akitumia gesi nyingi tangu zamani, mwenye jumba kubwa, alilindiwa nyingi. Tatizo la lita halikuondoka lote.

Sasa tuje kwa jirani yako.

Serikali ikishaamua kutoa fedha badala ya kushusha bei, inahitaji orodha. Na orodha haitengenezwi wakati wa shida. Huwa ipo tayari, au haipo. Mara nyingi ni rejista ya kaya maskini iliyoandikwa miaka kadhaa nyuma. Karani alipita nyumba kwa nyumba na dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, vyumba vingapi, maji mnachota wapi, mna redio, mna jokofu, mna pikipiki, wanaoishi humu ni wangapi na wana umri gani. Hakuuliza ulipata kiasi gani wiki iliyopita, kwa sababu kipato cha kibarua hakina karatasi ya kukithibitisha. Majibu yakaingizwa kwenye kompyuta, kila jibu likapewa uzito, ikatoka alama moja. Chini ya alama fulani umo, juu yake humo.

Tazama jinsi hilo linavyoweza kuwatenganisha majirani wawili. Dodoso linauliza kama kaya ina jokofu. Haliulizi kama linafanya kazi. Wewe ukajibu ndiyo, kwa sababu lipo pale kwenye kona, limeharibika kitambo na unawekea sufuria juu yake. Jirani hana. Alama yako ikapanda. Au karani alipita ukiwa na mtoto mmoja na mume ana ajira. Leo watoto ni watatu na ajira haipo, lakini kwenye faili bado unaishi maisha yale ya zamani. Au alipita ukiwa kibaruani, mlango umefungwa, akaandika "hawakupatikana" na hakurudi. Hapo hakuna aliyekuonea. Mfumo unakuona kama ulivyokuwa siku ile, kupitia maswali yale. Upendeleo nao upo, sikatai, hasa pale orodha inapopitishwa na viongozi wa mtaa mlango ukiwa umefungwa. Ila katika malalamiko niliyowahi kuyasoma, taarifa zilizochakaa huchangia kuliko watu wanavyodhani.

Indonesia walilionja hilo Oktoba 2005. Serikali ilipandisha bei za mafuta kwa zaidi ya mara mbili, na papo hapo ikaanza kulipa kaya maskini rupia 100,000 kwa mwezi, zikitolewa kwa mkupuo wa miezi mitatu. Orodha ilikusanywa harakaharaka. Walioachwa walipowaona wenzao kwenye foleni ya posta, waliandamana kwenye ofisi za vijiji. Serikali ikafungua uandikishaji wa nyongeza, na kaya zilizokuwa zimepangwa kama milioni 15.5 zikafika takriban milioni 19. Dada yangu, zitazame hizo milioni tatu na ushee. Waliingia kwa sababu walilalamika wakati dirisha la malalamiko likiwa wazi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa watu wa kipato cha kubadilikabadilika kama wewe, nao ni tarehe. Mwaka 2022 Uingereza ilitoa pauni 650 kwa kaya zilizokuwa zikipokea misaada fulani ya kipato, kwa awamu mbili: 326 na 324. Ili upate awamu ya kwanza ulitakiwa uwe na haki ya kulipwa msaada wako mkuu katika kipindi cha tathmini, yaani mwezi ambao kipato chako kinapimwa, kilichoishia kati ya tarehe 26 Aprili na 25 Mei. Wapo waliolipwa mishahara miwili ndani ya kipindi hicho, labda kwa sababu tu siku ya malipo iliangukia sikukuu. Kompyuta ikaona kipato kimezidi, msaada wa mwezi huo ukawa sifuri, na pauni 326 zikapita. Mwaka uliofuata malipo yalikuwa pauni 900 kwa awamu tatu, hivyo aliyekosa moja alibaki na nafasi mbili nyingine. Mpango wowote wenye siku moja ya kupima ni bahati nasibu kwa kibarua. Ukisikia tangazo la msaada, cha kwanza kutafuta ni tarehe ya kupimwa. Kiasi kitajulikana baadaye.

Hilo la mita moja kwa kaya nne ulilitaja kama jambo dogo. Kwangu ndilo zito kuliko yote uliyoandika.

Nchi nyingi huuza umeme kwa ngazi: uniti za mwanzo ni rahisi, zinazofuata ni ghali, kwa imani kwamba maskini anatumia kidogo. Chukua tarakimu za mfano tu. Uniti 50 za kwanza ni 10 kila moja, zinazozidi hapo ni 25. Kaya inayotumia uniti 40 kwenye mita yake hulipa 400. Sasa ziweke kaya nne za namna hiyo kwenye mita moja. Jumla ni uniti 160. Hamsini za kwanza ni 500, mia na kumi zilizobaki ni 2,750, jumla 3,250. Gawanya kwa nne: kila mmoja 812 na nusu. Unatumia umeme uleule wa maskini, unatozwa zaidi ya mara mbili, kwa sababu kwenye kumbukumbu za shirika la umeme nyinyi nyote ni mteja mmoja anayetumia sana. Ruzuku iliyobuniwa kwa ajili yako imekugeuka.

Na serikali ikiamua kutoa punguzo moja kwa kila akaunti ya umeme, mambo ni yaleyale: nyumba yenu ni akaunti moja, jina ni la mwenye nyumba. Uingereza walipotoa pauni 400 kwa kila kaya kwenye umeme majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, walilazimika kuweka sheria kwamba mwenye nyumba anayetoza umeme ndani ya kodi ya pango ampitishie mpangaji sehemu yake. Hata hivyo mpangaji alitakiwa aijue sheria hiyo na awe na ubavu wa kumkabili mwenye nyumba. Kwa wenye mita za zamani za kulipia kabla, ambao wengi wao ni wa hali ya chini, punguzo lilitoka kama vocha kila mwezi, kwa posta, barua pepe au ujumbe wa simu, na ilibidi mtu aipeleke dukani au posta kuibadilisha. Wenye akaunti za kawaida hawakufanya lolote, walipewa punguzo moja kwa moja. Vocha nyingi ziliisha muda hazijatumika. Msaada uleule, na mwenye shida zaidi ndiye aliyepewa hatua nyingi zaidi za kupita.

Orodha inaweza kutengenezwa kwa busara kuliko hivyo. Togo, Aprili 2020, walipofunga shughuli kwa sababu ya korona, waliwafikia watu wa ajira zisizo rasmi kupitia daftari la wapigakura, lililokuwa limehuishwa muda mfupi kabla. Mtu alibonyeza namba kwenye simu yoyote ile, hata ya tochi, akaweka namba ya kadi yake, na fedha ikaingia kwenye simu. Wanaume walipewa faranga 10,500 kwa mwezi, wanawake 12,250. Napenda hilo la wanawake, kwa sababu mipango mingi hulipa kwa mkuu wa kaya, na sote tunajua mkuu wa kaya anaweza kuwa mtu ambaye hajaonekana nyumbani tangu mwaka jana. Ila kwa Togo pia, asiyekuwa na kadi ya mpigakura alibaki nje.

Kabla sijafika kwenye nini ufanye, nikutahadharishe kuhusu kiasi. Msaada uliotajwa kwa tarakimu isiyobadilika huliwa na bei zilezile unazopambana nazo. Kule Iran zile rial 455,000 ziliendelea kuwa 455,000 miaka ikipita, wakati mfumuko wa bei ulishavuka asilimia 30 kwa mwaka. Karatasi ya benki ilikuwa ileile, kapu likawa jepesi. Hata panapo utaratibu wa kuongeza, huchelewa. Aprili 2022 misaada mingi ya Uingereza iliongezwa asilimia 3.1, kufuatana na mfumuko uliopimwa Septemba iliyotangulia. Mwezi huohuo wa Aprili mfumuko ulikuwa asilimia 9. Ubelgiji wamelitatua kwa namna yao: faharasa ya bei, yaani kipimo cha bei za bidhaa kwa ujumla, ikivuka kiwango kilichowekwa, pensheni na misaada hupanda asilimia 2, bila kusubiri mwaka mpya wala hotuba ya bajeti. Ukipata nafasi ya kumuuliza mgombea swali moja kuhusu gharama za maisha, muulize hilo la kiwango kinachojipandisha chenyewe. Ahadi ya kiasi kikubwa leo ni rahisi kutoa.

Haya, ufanye nini.

Nenda kwenye ofisi inayotunza rejista ya kaya katika eneo lako, mara nyingi ni ustawi wa jamii au ofisi ya serikali ya mtaa. Usiulize "kwa nini sijapata." Uliza: je, kaya yangu imeandikwa, iliandikwa lini, na inaonyesha watu wangapi? Maswali hayo yana majibu kwenye faili, na ofisa hawezi kukuzungusha kirahisi. Ukikuta taarifa ni za zamani, omba zihuishwe, kisha uambatanishe vyeti vya kuzaliwa vya watoto na chochote kinachoonyesha mabadiliko: kufiwa, kutengana, kuhama, kuachishwa kazi. Brazil, kwenye rejista yao kuu, kaya hutakiwa kuhuisha taarifa angalau kila miezi 24. Hata kama kwenu hakuna sharti hilo, jiwekee mwenyewe. Na fanya hivyo kipindi ambacho hakuna tangazo lolote redioni. Siku tangazo likitoka, foleni itakuwa ndefu na orodha ya awamu hiyo imeshafungwa.

Kwa kuwa kipato chako hakina hati ya malipo, anza kuandika. Daftari dogo: tarehe, kazi, aliyekupa, kiasi. Linaonekana jambo la kijinga, lakini ofisa akiambiwa "kipato changu ni kidogo" hana cha kuandika. Akionyeshwa miezi mitatu iliyoandikwa siku kwa siku, anacho.

Kuhusu mita, kaeni wapangaji wote wanne. Ulizeni shirika la umeme gharama ya kufungiwa mita tofauti, kisha mpelekeeni mwenye nyumba hesabu kama ile niliyoifanya hapo juu, kwa bei zenu halisi. Mita ndogo za ndani zinazogawa bili tu hazisaidii kwa hili, kwa sababu shirika linaendelea kuona mteja mmoja. Mkishindwa, angalau ombeni nakala ya bili kila mwezi, ili punguzo la serikali likitoka muone kama limewafikia.

Usimlipe mtu yeyote "akuingizie jina". Vishoka hujaa kila msaada unapotangazwa, na wengine hupiga simu wakijifanya maofisa wakiomba namba ya siri ya akaunti yako ya simu. Ofisi halali haiihitaji namba hiyo kukulipa. Vilevile usikope mkopo wa kausha damu ukitegemea fedha ya msaada uliyosikia inakuja. Riba ya wiki moja inaweza kuimaliza kabla haijafika.

Mwisho, ukijibiwa kwa mdomo kwamba hustahili, omba jibu hilo kwa maandishi, likiwa na sababu na tarehe, kabla hujaondoka dirishani. Kama ofisa hataki kuandika, andika wewe barua fupi ya malalamiko, peleka nakala mbili, na ile unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Panapokuwa na muda wa kukata rufaa, tarehe iliyo kwenye karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba hukuchelewa.